Nzuri, Ila

Wageni walidhani ni mtawa. Tulimwita Sista, kama wauguzi wakubwa wa zamani walivyoitwa, na aliyekuja wodini kumuulizia alitazamia rozari na joho, akakutana na mama wa Kiislamu, mfupi, mwenye hina kwenye kucha na sauti ya kuamsha mtaa. Gauni lake jeupe alilitia wanga mpaka likasimama lenyewe. Raba zake nyeupe alizifua na kuzipaka chaki kila Jumapili, na ole wako umkanyage.

Alikuwa mkuu wa wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali moja pale Arusha, na ndiye aliyetufundisha kazi. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande kimoja, na wakati huohuo viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Tulichukuliwa vijana sita tujifunze uhudumu wa afya ya akili kwa mwaka mzima, na mwisho wa mwaka Sista angeweka saini au asingeweka. Nyumbani kwetu, juu ya Tengeru, kazi hiyo iliitwa kuchunga vichaa. Mama yangu aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba nasomea unesi.

Niseme mapema kilichonipeleka kule. Nilikuwa na kaka, Anaeli, fundi mitambo wa kimojawapo cha viwanda vilivyofungwa. Aliporudi nyumbani na sanduku lake alikaa kimya miezi kadhaa, halafu akaanza kujibizana na watu ambao sisi hatukuwaona. Akavunja madirisha. Mama akamhamishia kwenye stoo ya kahawa, akaweka kufuli, na aliyeuliza akaambiwa Anaeli yuko Mererani anachimba mawe, kama vijana wengi wa wakati ule. Baba alikuwa ameshafariki, hapakuwa na wa kumpinga. Mimi nilikuwa na mchumba, na mama aliniambia waziwazi: nani ataoa kwenye nyumba ya mgonjwa wa kichwa? Kwa hiyo nilikwenda kujifunza ili nimtibu kaka yangu kwa siri, na Sista alikuwa mtu wa mwisho niliyetaka ajue.

Somo lake la kwanza lilikuwa salamu. Tulicheka mioyoni, nani asiyejua kusalimia? Akatupa kila mmoja daftari, akatutuma tuwasalimie wagonjwa na kuandika hali zao. Nilirudi na ukurasa safi, mwandiko wa kupendeza, na mbele ya kila jina nimeandika "hajambo". Sista aliusoma ukurasa wote kwa sauti, jina kwa jina, hajambo, hajambo, hajambo, kisha akavua miwani.

"Watu kumi na tisa hawajambo! Basi leteni funguo, tufunge wodi, twende zetu nyumbani."

Akatukalisha kwenye benchi. "Wanangu, nchi hii hakuna mtu aliyeulizwa habari akasema mbaya. Maiti iko ndani, atakwambia nzuri. Njaa, nzuri. Kaachishwa kazi jana, nzuri. Hiyo nzuri ni adabu tu, anakupa wewe ili usione haya. Nyinyi mmepewa adabu mkarudi mbio kuiandika. Habari yenyewe inakuja na ila. Nzuri, ila sijalala. Nzuri, ila mke wangu kaondoka. Kazi yenu ni kusubiri ila."

Mmoja wetu, kijana wa Sokon, akauliza asubiri kwa muda gani.

"Mpaka ije. Na usiivute. Ukimwambia 'ila nini?' ataichukua arudi nayo ndani."

Kwao pwani, alipenda kutukumbusha, ila ni kasoro pia, doa kwenye kitambaa kizuri. Sisi wa bara tulilitumia neno hilo kutwa nzima bila kulitazama usoni. Kiswahili chetu kilimuumiza kweli. Nikisema "naenda kuogesha ule mzee", alishika kichwa: "Yule! Yule mzee! Ule ni mti!" Aliweza kumwacha mgonjwa amtukane asubuhi nzima, akamwitikia vizuri tu, lakini ngeli mbovu hakuivumilia hata dakika moja.

Alikuwa na mambo yake. Neno kichaa lilipigwa marufuku wodini. Ukilitamka ulifua mashuka ya siku hiyo peke yako. Lakini barabarani, dereva akimrushia maji ya matope, ungemsikia kutoka ng'ambo: "Kichaa wewe!" Siku moja tulimkumbusha sheria yake. "Wa kwangu ni wagonjwa," akasema, akikung'uta gauni. "Yule ndiye kichaa." Alitufundisha subira, naye chai hakuisubiri ipoe, aliinywa ya moto mpaka machozi yakamtoka, kisha akamlaumu mpishi. Nilimwona kwa macho yangu akipokea panga kutoka mkononi mwa mgonjwa huku akimuuliza habari za ndizi za kwao. Mbwa sasa, hata mtoto wa mbwa ambaye hajafungua macho, alimpandisha juu ya kiti.

Kulikuwa na mzee mmoja wodini, karani wa chama cha ushirika mpaka alipopunguzwa kazini. Aligoma kuoga. Wenzangu wawili walikuwa wameshakunja mikono ya mashati wambebe. Sista akawazuia, akaketi mezani, akaandika barua. Nayakumbuka maneno yake: "Yah: Kuoga. Husika na somo la hapo juu. Unaombwa kufika bafuni kesho saa mbili asubuhi bila kukosa." Akaigonga mhuri wa wodi, akampelekea mwenyewe kwa mikono miwili. Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja. Jioni ile akajibu kwa maandishi: "Barua yako imepokelewa na kueleweka, ila maji ni ya baridi mno."

Sista aliniita, akanionyesha lile neno kwa ncha ya kidole. Kesho yake maji yalichemshwa, na mzee akafika bafuni saa mbili kasoro dakika tano, barua iko mfukoni. Aliendelea kuoga kwa barua karibu mwezi mzima, mpaka siku moja akatuambia hakuna haja ya kupoteza karatasi za serikali.

Na hakuna aliyetoka kwake akarudi nyumbani na nguo za wodi. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika mjini, na Sista alikwenda mwenyewe kwenye marobota, akachambua, akagombana na wauzaji, akarudi na kwapa limejaa. Karani wetu alirudi kwao na suti ya vipande vitatu ya mtu wa Ulaya aliyekuwa mnene mara mbili yake. Sista alikaa na sindano siku mbili akiipunguza, akijichoma na kulaani. Alikuwa mshonaji mbaya sana, na mguu mmoja wa suruali ulitoka mfupi. Mzee aliivaa kama ilivyo, akatupungia mkono mpaka kona.

Mimi aliniuliza kila Jumatatu, niliporudi kutoka nyumbani.

"Habari za mlimani?"

"Nzuri, Sista."

Halafu ananyamaza. Anakunja bandeji moja, anachukua nyingine, hanitazami wala haondoki. Mimi najifanya natafuta kipimajoto. Hivyo hivyo miezi saba. Nilijua anachofanya, maana alikuwa amenifundisha mwenyewe, na bado neno lilikataa kutoka. Nilimchukia kwa ule ukimya wake. Nasema hili wazi kwa sababu baadaye nilimpenda sana.

Mwezi wa nane nikaiba. Nilichukua vidonge kwenye kopo la wodi, vile nilivyoona vinawatuliza wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti, nikajiona nimeshaiva. Nilimpa Anaeli vikiwa ndani ya ndizi, kupitia upenyo wa mbao. Nilikuwa nimefundishwa kwamba dawa ile huweza kukaza misuli, kwamba hutolewa pamoja na nyingine ya kuilegeza, na kwamba mgonjwa haachwi bila jicho la kumwangalia. Nilikuwa nimeandika yote kwenye daftari kwa ule mwandiko wangu wa kupendeza. Siku ya pili shingo ya kaka yangu ilipinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukamjaa mdomoni. Mama alipiga magoti nje ya stoo akaimba wimbo wa kanisani, akiamini ni shetani. Mimi nilijua ni mimi. Hali ile ilimwachia jioni, na mpaka leo sijapata mchana mrefu kama ule.

Jumatatu Sista akauliza, bandeji mkononi.

"Habari za mlimani?"

"Nzuri," nikasema. "Ila nina kaka."

Nikasema yote: kufuli, Mererani, vidonge, shingo. Kisha nikasubiri anifukuze. Alimaliza kukunja bandeji yake mpaka mwisho.

"Vidonge sita," akasema. "Nilijua tangu Ijumaa."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akafungua daftari la wodi, akaandika wizi wangu kwa jina langu, mbele ya macho yangu, kwa wino mwekundu. Akaniambia mwaka wangu wa mafunzo unaanza upya, tangu siku ya kwanza, tangu salamu. Nikaitikia. Alipoifunika kalamu akauliza:

"Njia ya kwenu inapitika kwa raba?"

Haikupitika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Sista alipanda akishikilia migomba, buibui amelikunja mkononi, raba zake zimegeuka madongo mawili, na kila baada ya hatua chache ananiuliza kama nina hakika mbwa amefungwa. Mama nilikuwa nimemwambia tu kwamba mwalimu wangu anakuja kutusalimia. Alimpokea kwa heshima na kwa mashaka, akamwandalia loshoro, mahindi yetu na maziwa mgando. Sista maziwa mgando alikuwa hawezi hata kuyanusa. Alikula bakuli zima, akaomba aongezewe.

Waliongea habari za kahawa, za migomba iliyoangushwa na upepo, za barabara. Mwishowe Sista akauliza, "Na watoto, mama, hawajambo?"

"Hawajambo. Wote wazuri tu."

Sista akakwangua bakuli lake. Kuku akaingia, akazunguka meza, akatoka. Nilifungua mdomo nimsaidie mama yangu, na Sista akanikanyaga chini ya meza kwa ile raba yenye matope, akakandamiza.

"Wazuri," mama akarudia, akiangalia bakuli. "Ila yuko mmoja hajakula tangu jana."

Akafungua kifundo cha kanga, akatoa ufunguo. Tukazunguka nyuma ya nyumba. Mama alinyoosha mkono kwenye kufuli, Sista akaushika taratibu. Akasimama mbele ya mlango, akaweka ushungi wake sawa, akasema:

"Hodi."

Mama alinitazama. Mlango umefungwa kwa nje, ufunguo tunao sisi, na huyu mgeni anabisha hodi. Miaka miwili hapakuwa na mtu aliyebisha pale. Mama alizoea kufungua, kuweka chakula na kufunga. Nami, mwenye mafunzo na daftari, nilipitisha ndizi kwenye upenyo kama anayelisha mfugo.

"Fungua tu, Sista," mama akasema. "Hataitika huyu."

"Mwenye chumba hajanikaribisha." Hakugeuka. "Hodi."

Mvua ikaanza tena, ndogondogo. Ndani tulisikia mtu akijivuta kwenye majani. Nilijua desturi ya Waislamu wenzake: mgeni hubisha mara tatu, asipoitikiwa huondoka. Nilimjua Sista pia. Angeondoka kweli, angeteremka na matope yake mpaka barabarani na kurudi wiki nyingine kubisha upya, na mimi nilihisi hatuna wiki nyingine.

"Hodi," akasema mara ya tatu, kwa sauti ileile.

"Karibu." Sauti ilikwaruza, ya mtu aliyesahau kuitumia. Majani yakachakacha tena. "Karibu, ila hakuna kiti."

"Mimi si mtu wa viti," Sista akajibu. "Sasa mama, fungua."

Nililia pale nje, nimeegemea ukuta, na sikujali majirani wakinisikia. Kwa miaka miwili tuliamini hakuna mtu mle, kumebaki ugonjwa tu. Kumbe mwenye nyumba yumo, na anaona haya kwamba hana pa kumkalisha mgeni. Sista aliketi juu ya gunia la kahawa wakaongea mpaka jua likaelekea kuzama. Hakuwahi kuniambia walichosema, ila jambo moja tu, tukiwa tunateremka: "Kaka yako anasema ndizi zako ni chungu."

Anaeli alikaa wodini wiki tano, nyingi akiwa na usingizi wa dawa, kisha akaendelea na sindano za kila mwezi kwenye kituo cha afya cha Tengeru. Sitadanganya kwamba njia ilinyooka. Mara mbili alirudi nyuma, mara mbili tukaanza tena. Mchumba wangu alipopata habari alikuja, akanywa chai, akauliza maswali mengi kwa upole, na hakuja tena. Mama alilia kuliko mimi. Lakini kufuli hakulirudisha mlangoni, hata katika zile mara mbili, na kwaya yote ikajua kwamba Anaeli hajawahi kufika Mererani.

Mimi nilirudia mwaka wangu nikamaliza. Sista aliweka saini bila pongezi, akanisahihisha ngeli moja kwenye ripoti. Muda mfupi baadaye akahamishiwa mkoa mwingine, akastaafia huko, na tukawa tunapata salamu zake kwa watu.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye, siku ya soko, Tengeru. Nilikuwa nafanya kazi katika kituo kile cha afya na nilikuwa nimetoka kununua mboga. Alikuwa amerudi Arusha kukaa na binti yake. Mwili ulikuwa umemwisha, miwani imekuwa minene, hakuna gauni jeupe wala raba, ila bibi mwenye buibui, fimbo na kikapu. Sauti ndiyo iliyonigeuza. Alikuwa anamsahihisha muuza vitunguu Kiswahili chake.

Nilimwamkia, akanishika mikono yote miwili, akaniita binti wa mlimani. Nikamwambia Anaeli ana meza ya nyanya pale mbele, anazilima mwenyewe, mwaka wa nne sasa hajalazwa. Nikataka kumpeleka.

"Simama hapahapa," akasema. "Nakwenda peke yangu."

Nikasimama kwenye kivuli cha turubai, hatua chache tu. Sista alifika mezani akaanza kuminya nyanya, moja baada ya nyingine, akiipeleka kila moja karibu na miwani.

"Shikamoo, bibi," kaka yangu akasema. "Hizo haziminywi."

"Marahaba." Akaminya nyingine.

"Bibi, nimesema zinaharibika."

Akachukua ya nne. Anaeli akainuka, akaitoa nyanya mkononi mwake, akairudisha kwenye fungu lake. "Kama unataka za kuminya, nunua ukaziminyie kwako. Tupishe, kuna wateja." Wanawake wa meza za jirani wakacheka. Mmoja akamwambia, kwa jina la bintiye, "Baba Neema, leo umempata!"

Sista alirudi kwangu kikapu kitupu, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka miwani imeteleza puani.

"Kanifukuza," akasema. "Umesikia? Kanifukuza mbele ya watu!"

"Hakukujua, Sista. Subiri nimwambie wewe ni nani." Nilishapiga hatua. Akanidaka mkono, na vidole vyake bado vilikuwa na nguvu.

"Usithubutu. Ukimwambia atasimama wima, atanijazia kikapu, ataanza kunishukuru, na watu wote hawa watauliza ananishukuru nini. Nitakuwa nimemrudisha kwenye wodi yangu. Leo yeye ana nyanya zake na mimi ni bibi msumbufu tu. Niachie hivyohivyo."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, na hapo niliona kwamba machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Akaivaa. Kisha akaishika fimbo yake, akarudi moja kwa moja kwenye meza ya kaka yangu, akachagua nyanya kubwa kuliko zote, akaiminya.

"Bibi, wewe tena!" Anaeli akapaza sauti.